UZI: Kuvua krapi majira ya baridi Marekani: kina na uzito wa jigi kwanza, rangi baadaye

MLETA UZI

Wakuu, salamu kwenu nyote. Uzi huu nauandika kwa ajili ya Waswahili tunaoishi Kentucky, Tennessee, Texas, Ohio, Iowa na majimbo mengine ya Marekani, ambao tunapenda kuvua lakini ikifika Novemba tunazifunga fimbo zetu na kuziweka stoo mpaka Aprili. Kwa samaki wengi uamuzi huo unaeleweka. Kwa krapi ni hasara, kwa sababu Desemba, Januari na Februari ndiyo miezi ambayo samaki huyu hukusanyika kwa makundi makubwa katika sehemu chache zinazotabirika, na ukishampata mmoja ujue wenzake hawako mbali.

Nitangulize jambo ninaloliamini kabisa ili mwenye haraka alipate hapa juu. Anayeanza hutumia muda mwingi na fedha nyingi kuchagua rangi za chambo, ilhali wakati wa baridi humkosa krapi kwa sababu mbili nyingine: chambo kimepita chini ya samaki, au kinashuka kwa kasi ambayo samaki aliyepoa hawezi kuifuata. Kwa hiyo tujadili kwanza kina, kisha uzito, kisha umbo, na rangi tuizungumze mwishoni.

Kwa wasiomfahamu, krapi ni samaki bapa wa maji matamu, mwenye asili ya Amerika ya Kaskazini, na wapo wa aina mbili. Krapi mweupe, Pomoxis annularis, ana michirizi inayoshuka ubavuni na miiba 5 au 6 katika pezi la mgongoni. Krapi mweusi, Pomoxis nigromaculatus, ana madoa yaliyotawanyika bila mpangilio na miiba 7 au 8. Mweupe huvumilia zaidi maji yenye tope, na mweusi hupenda maji maangavu na penye majani. Wote wawili wana mdomo mpana wenye ngozi nyembamba ambayo huchanika ukivuta kwa nguvu, na nyama yao ni nyeupe, laini, isiyo na shombo kali. Mweupe mkubwa kuliko wote katika rekodi alivuliwa mwaka 1957 katika eneo la Enid Dam, Mississippi, akiwa na ratili 5 na aunsi 3. Mweusi aliyeshika rekodi alitoka kwenye bwawa dogo la Loudon County, Tennessee, mwaka 2018, akiwa na ratili 5 na aunsi 7. Krapi tunaowapeleka jikoni kwa kawaida ni wa inchi 10 hadi 12.

Sasa tuangalie baridi inamfanya nini. Damu ya samaki hufuata joto la maji. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, mwili wa krapi hufanya kazi polepole, chakula hukaa tumboni muda mrefu, na hana sababu ya kukimbiza windo kwa mita kadhaa. Bado anakula, lakini anakula kile kinachomkaribia na kukaa mbele yake. Mahali pa kukaa anapachagua kwa kufuata mambo matatu: kina ambacho joto lake halibadilikibadiliki, kitu cha kujisitiri kama visiki au matawi yaliyozama, na samaki wadogo wa kula, hasa shadi. Katika mabwawa makubwa ya kusini, mambo hayo matatu hukutana kwenye mikondo ya zamani ya vijito, yaani mahali ambapo kijito kilipita kabla ya bonde kujazwa maji. Ukichukua ramani ya kina ya Kentucky Lake, bwawa lililojazwa baada ya Kentucky Dam kukamilika mwaka 1944, utaiona mikondo hiyo ikipinda ndani ya kila hori. Pale penye kona, au pale mikondo miwili inapoungana, kwenye kina cha futi 15 hadi 25, ndipo pa kuanzia Januari.

Kuna jambo la ziada kwa Kentucky Lake. Maji yake hushushwa kila mwaka, kutoka kiwango cha kiangazi cha futi 359 juu ya usawa wa bahari hadi futi 354 wakati wa baridi. Futi hizo 5 zina maana mbili kwa mvuvi. Matawi aliyoyavua mwezi wa Mei huenda sasa yako juu ya tope kavu. Na ukienda siku hizo ukatembea ufukweni ukipiga picha za visiki na nguzo zilizobaki wazi, utakuwa na ramani yako mwenyewe ya majira ya kuchipua.

Tafadhali msiichukue namba ya futi 15 hadi 25 kama sheria ya kila mahali. Reelfoot Lake, kule kaskazini-magharibi ya Tennessee, ziwa lililotokana na matetemeko ya ardhi ya New Madrid ya mwaka 1811 na 1812, lina wastani wa kina cha futi 5 hivi tu. Krapi wa huko hawana pa kuzama, basi hukaa kwenye mashina na visiki vilivyojaa majini, na hapo swali linakuwa ni umbali kutoka kwenye kisiki badala ya kina.

MLETA UZI (mwendelezo: jigi)

Jigi ni ndoana iliyoyeyushiwa kichwa cha risasi, ambayo juu yake unavalisha kiwiliwili cha plastiki laini, au iliyofungwa manyoya tangu dukani. Uzito unaotumika kwa krapi huanzia aunsi 1/64 hadi 1/8, yaani kati ya gramu 0.4 na 3.5. Tofauti inaonekana ndogo mkononi, lakini majini ni kubwa sana. Kwa kukadiria, jigi ya aunsi 1/16 ikiwa kwenye mshipi mwembamba wa ratili 4, yaani unaohimili uzito huo kabla ya kukatika, hushuka kama futi moja kwa sekunde, na ya aunsi 1/32 hushuka karibu nusu ya kasi hiyo. Krapi aliyesimama kwenye kina cha futi 12, akitazama juu kama ilivyo desturi yake, anaiona ile nyepesi kwa muda mara mbili zaidi. Katika maji ya nyuzi 6 muda huo ndio unaoamua kama atafungua kinywa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kutumia jigi nyepesi kuliko zote ambayo bado naweza kuihisi na kuidhibiti. Siku tulivu, kina kisichozidi futi 10, natumia 1/32. Upepo ukivuma na mshipi ukapinda kama upinde juu ya maji, au kina kikifika futi 20, natumia 1/16, kwa sababu jigi nisiyojua ilipo hainisaidii kitu. Ile ya 1/8 naiweka kwa kazi ya kushusha wima kwenye maji marefu yenye upepo. Zipo pia jigi za tangsteni, madini ambayo ni mazito zaidi ya risasi kwa ujazo uleule, hivyo kichwa huwa kidogo huku uzito ukibaki. Bei yake iko juu, na mvuvi wa mashua kusini hahitaji kujilazimisha. Wavuvi wa juu ya barafu ndio wanaofaidika nazo zaidi.

Kiwiliwili kiwe kidogo na kitulivu. Inchi 2 zinatosha, na siku ngumu inchi moja na nusu ni bora. Mikia mipana inayopigapiga, ambayo huvutia sana mwezi wa Aprili, wakati wa baridi huzidisha fujo. Mkia mwembamba ulionyooka, unaotetemeka wenyewe kwa mtikisiko wa mkono wa mvuvi, ndio unaofanana na shadi aliyedhoofika. Napenda zaidi jigi za manyoya laini ya marabu. Manyoya hayo hupumua majini hata jigi ikiwa imesimama tuli, na kusimama tuli ndiyo kazi kubwa tunayoitaka kutoka kwa chambo cha Januari.

Hapa naomba mtazame kwa makini kitu kidogo ambacho wengi hawakijali: fundo. Jigi nyingi za krapi zina tundu lililosimama wima juu ya shingo ya ndoana. Ukikaza fundo na kulisogeza katikati ya tundu, jigi huning'inia mlalo, kichwa na mkia vikiwa usawa mmoja, kama samaki mdogo anavyokaa. Fundo likiteleza kwenda mbele, mkia hushuka na jigi huning'inia kama kitu kilichokufa kwenye kamba. Huteleza kila unapompandisha samaki na kila unapojinasua kwenye tawi. Kabla ya kuirudisha majini, inyanyue mbele ya macho, angalia inavyokaa, kisha isukume fundo nyuma kwa ukucha. Kuna wanaopendelea fundo la kitanzi kwa sababu jigi hucheza kwa uhuru. Ni sawa, ila kwa kushusha wima mimi naona fundo lililokazwa hushika mlalo vizuri zaidi.

Kuhusu rangi nitasema machache. Maji maangavu yanataka rangi tulivu zinazopitisha mwanga, kama nyeupe, kijivu na bluu hafifu. Maji yenye tope yanataka kijani-njano kikali, au nyeusi iliyochanganywa nacho, ili samaki aone umbo. Rangi tatu kwenye kiboksi zinakutosha kwa msimu mzima.

MCHANGIAJI WA DALLAS

Ahsante sana mkuu kwa somo. Swali langu ni kuhusu chambo hai. Wazee wa Kimarekani ninaowakuta gatini huku Texas wananiambia kwamba wakati wa baridi samaki wadogo hai hushinda jigi kwa mbali. Mimi sipendi kuhangaika na ndoo. Je, kuna ulazima?

MLETA UZI

Ndugu, wazee hao wana hoja nzito. Samaki mdogo hai hana haja ya kutikiswa na mvuvi. Akiwa amesimama mbele ya krapi, anajitikisa mwenyewe, na anaweza kukaa hapo hata dakika tano. Siku ya pili au ya tatu baada ya wimbi la baridi kali, anga likiwa jeupe na krapi wakiwa wamejibana kwenye matawi, mimi mwenyewe huchagua chambo hai bila kusita.

Mpango unaoheshimika huku kwetu Kentucky una chubwi chini kabisa mwa mshipi, halafu ndoana mbili juu yake kwenye matawi mafupi ya nailoni, zikiachana futi moja na nusu hivi. Chubwi hugusa kisiki kwanza na kukupa habari kabla ndoana hazijafika. Tumia ndoana za waya mwembamba, namba 2 au 4. Ikinasa kwenye tawi, vuta polepole bila kurusha mkono. Waya hunyooka, ndoana hutoka, unaikunja tena kwa koleo na unaendelea. Ukivuta kwa hasira unakata mshipi na kuwatawanya samaki wote waliokuwa hapo.

Samaki mdogo mtoboe midomo yote miwili kutoka chini kwenda juu kama utakuwa ukisogeza mashua polepole, au mgongoni, chini kidogo ya pezi, kama atakaa chini ya boya mahali pamoja. Chagua wadogo, wasiozidi inchi mbili. Ndoo isikae ndani ya gari lenye joto halafu ukawatia ghafla kwenye maji ya nyuzi 5, maana watakufa kwa mshtuko kabla hawajafanya kazi. Na siku ikiisha, usimwage ndoo ziwani. Kentucky Lake tayari inasumbuliwa na kapu wa fedha (silver carp), samaki mvamizi kutoka Asia, na vitoto vya kapu huyo hufanana sana na shadi, kwa hiyo kuhamisha samaki hai kutoka maji haya kwenda maji yale ni kueneza balaa.

Kwa asiyetaka ndoo ipo njia ya katikati: vidonge laini vya harufu unavyochomeka kwenye ncha ya jigi, au funza wa nta, yaani kiluwiluwi cha nondo wa mizinga ya nyuki, anayeuzwa kwenye vikopo. Nionavyo mimi harufu haimwiti krapi kutoka mbali. Inachofanya ni kumfanya aing'ang'anie jigi sekunde moja zaidi baada ya kuionja, nawe unapata nafasi ya kuhisi.

MCHANGIAJI WA LOUISVILLE

Mleta uzi, Mungu akubariki. Nimekulia Kigoma, na ulipotaja shadi nimetabasamu, kwa sababu ukimshika mkononi utaona ni ndugu kabisa wa dagaa wetu wa Tanganyika: magamba yaleyale ya fedha yanayobanduka, tumbo lilelile lenye makali. Na mbinu nayo ni ndugu. Kule kwetu tunawasha taa usiku, wadudu wadogo wa majini hufuata mwanga, dagaa hufuata wadudu, na mgebuka huwafuata dagaa. Huku nimeona Wamarekani wakining'iniza taa za kijani kwenye madaraja na magati usiku, wakisubiri mnyororo uleule ujipange mpaka krapi wafike. Anayetoka Kigoma, Uvira au Bujumbura asijione mgeni kwenye mchezo huu.

MLETA UZI

Kaka, umesema kweli tupu, na umeniongezea kitu muhimu. Krapi anayekuja kwenye taa hakai ndani ya mwanga. Hukaa pembeni, chini kidogo, kwenye ukingo wa giza, naye hupanda kumchukua shadi aliyejitenga. Jigi ishushwe kwenye ukingo huo.

Niongeze kuhusu shadi. Yule mdogo zaidi, shadi mwenye uzi mrefu kwenye pezi la mgongoni, havumilii baridi. Maji yakikaribia nyuzi 5 huanza kufa kwa makundi. Utawaona wakizunguka juu ya maji kwa ubavu, kisha wakizama taratibu wakiwa bado wanatetemeka. Siku hizo krapi hawana haja ya kuwinda, chakula kinawashukia wenyewe. Jigi nyeupe ya 1/32 iliyoachwa izame bila kuguswa, chini ya kundi hilo, itachukuliwa kabla haijafika mwisho.

MCHANGIAJI WA MINNESOTA

Habari zenu wote. Ninyi mnazungumzia baridi ya kusini. Sisi huku tunatembea juu ya ziwa. Naomba niongeze ya huku, kwa kuwa wapo Waswahili wengi Minneapolis na Saint Paul wanaotamani kujaribu wakaogopa.

Maji ni mazito kuliko wakati wote yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo chini ya barafu maji yenye joto zaidi yako karibu na sakafu, na yale ya sifuri yako juu, yamegusana na barafu. Krapi weusi hukaa katikati ya ziwa juu ya matope marefu, futi 25 hadi 35, lakini mara nyingi huelea futi kadhaa juu ya sakafu, na jioni jua linapozama hupanda zaidi. Tunatumia jigi za tangsteni ndogo kama punje ya mtama, na funza wa nta mmoja tu juu yake. Sheria ya jimbo inaruhusu mishipi miwili kwa mtu kwenye barafu, tofauti na mmoja tu wakati maji yako wazi. Mimi wa kwanza nauacha umetulia na samaki mdogo hai, na wa pili nauchezesha mkononi.

Usalama ni muhimu kuliko samaki. Barafu mpya iliyo angavu iwe na unene wa angalau inchi 4 kabla ya mtu kutembea juu yake, na barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji iwe mara mbili ya hapo. Pima mwenyewe kwa kutoboa kila baada ya hatua kadhaa, kwa maana unene hubadilika ndani ya ziwa hilohilo, hasa penye chemchemi au mkondo. Vaa jaketi la kuokolea, na uning'inize shingoni vile vijiti viwili vyenye ncha za chuma; ukitumbukia, ndivyo utakavyojivutia navyo kurudi juu ya barafu.

MLETA UZI

Shukrani, mkuu wa Minnesota. Hata sisi wa mashua tuyachukue hayo kwa uzito. Mtu akianguka kwenye maji ya nyuzi 5 hushtuka na kuvuta pumzi bila kutaka, na kama mdomo uko chini ya maji wakati huo, ujuzi wa kuogelea hautamsaidia. Jaketi livaliwe muda wote, lisikaliwe kama mto.

Sasa nije kwenye namna ya kuvua yenyewe. Nikifika mahali penye matawi, nasimamisha mashua pembeni kidogo na kushusha jigi wima. Najua kina kwa kuvuta mshipi kwa urefu wa fimbo: fimbo ya futi 10, mara moja na nusu, ni futi 15. Naanza juu ya matawi, nasubiri, nashuka futi moja, nasubiri tena. Kusubiri huko ndiko kugumu kuliko yote. Mkono unataka kutikisa, nawe uukatalie. Mtetemo wa kawaida wa mkono wa binadamu, pamoja na mawimbi yanayosukuma mashua, vinatosha kuyachezesha manyoya. Sababu ya kuanza juu ni kwamba macho ya krapi yamekaa kuangalia juu. Atapanda futi mbili kufuata chambo, lakini ni nadra kushuka hata nusu futi.

Mdonoo wa baridi haufanani na wa Mei. Mara nyingi hutahisi kitu chochote mkononi. Utaona mshipi uliokuwa umenyooka unalegea, kwa sababu samaki ameimeza jigi akiwa anapanda nayo. Au utauona unasogea pembeni kwa inchi moja, taratibu, kinyume cha upepo. Kwa anayetumia boya, boya lililokuwa limesimama hulala ubavu, maana uzito uliolishikilia umenyanyuliwa kutoka chini. Anayesubiri boya lizame huwapoteza samaki hao wote. Ukiona lolote kati ya hayo, nyanyua fimbo kwa wepesi, kama unavyonyanyua kifuniko cha sufuria, na usipige kwa nguvu, kwa sababu ule mdomo mwembamba utachanika.

MCHANGIAJI WA NASHVILLE

Mimi sina mashua, na sitarajii kuinunua leo wala kesho. Pia naona watu wana mitambo ya sonari inayoonyesha samaki moja kwa moja. Je, sisi wa ufukweni tuna nafasi, au uzi huu ni wa wenye uwezo?

MLETA UZI

Dada au kaka, nafasi mnayo, tena nzuri. Tafuta mahali ambapo maji marefu yanakaribia nchi kavu: magati ya kukodi mashua yanayoruhusu wavuvi, madaraja, na kingo zilizopangwa mawe. Mawe yanayotazama kusini hupokea jua mchana kutwa, na kati ya saa nane na saa kumi alasiri, hasa baada ya siku mbili tatu za jua mfululizo, shadi husogea hapo na krapi nyuma yao. Tumia boya linaloteleza kwenye mshipi, lenye kizuizi kidogo cha uzi unachokisogeza: unarusha kwa urahisi kwa sababu boya liko karibu na jigi, kisha jigi inashuka mpaka kizuizi kifike. Badilisha kina kwa futi moja moja mpaka upate jibu. Idara za wanyamapori za Kentucky na Tennessee hutangaza maeneo ambako zimezamisha matawi kwa ajili ya wavuvi, na baadhi yanafikika kutoka ufukweni.

Kuhusu sonari za moja kwa moja, zilizoenea tangu kampuni ya Garmin ilipotoa mtambo wake wa LiveScope mwaka 2018, sitasema ni haramu. Zimetufundisha mengi, kwa mfano jinsi krapi anavyoifuata jigi futi tatu na kuiacha, na jinsi anavyokimbia kivuli cha mashua kwenye maji maangavu. Wasiwasi wangu ni huu: wakati wa baridi samaki wamebanana sehemu moja, na anayewaona wote kwenye kioo anaweza kulimaliza kundi la kijito kizima ndani ya wiki chache, akiwachagua wakubwa tu. Mwenye mtambo huo ajiwekee kikomo kilicho chini ya kile cha sheria.

Hapo pana jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kibofu cha hewa cha krapi hakina mrija wa kutolea hewa kwa haraka. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, hivyo akipandishwa ghafla hewa hiyo hutanuka maradufu, macho hutoka, tumbo huvimba, na ukimrudisha huelea mpaka afe. Ndiyo maana Lake Fork, huko huko Texas anakoishi ndugu yetu wa Dallas, ina kanuni maalumu: kuanzia Desemba 1 hadi siku ya mwisho ya Februari hakuna kipimo cha chini cha urefu, na kila krapi aliyevuliwa lazima abaki na mvuvi na kuhesabiwa kwenye idadi yake ya siku, mdogo kwa mkubwa. Sheria hiyo naiona ni ya haki. Hata mahali isipokuwepo, ukivua zaidi ya futi 25, usiwachambue samaki. Chukua wa kula, na ukitosheka panda kwenye maji mafupi au nenda nyumbani.

MCHANGIAJI WA DALLAS

Nimeelewa sasa kwa nini wale wazee hawarudishi hata wadogo. Nilidhani ni ulafi. Mwisho, mkuu: mtu mwenye dola 60 anunue nini?

MLETA UZI

Fimbo moja nyepesi ya futi 7 hadi 10 yenye ncha laini, pamoja na rili ndogo, ya bei ya chini. Hapo nusu ya fedha imekwenda. Mshipi wa nailoni wa ratili 4, wenye rangi ya njano kali ili uuone ukilegea. Vichwa vya jigi vya 1/32 na 1/16, kumi kumi. Pakiti mbili za viwiliwili vya inchi 2, moja nyeupe na moja ya kijani-njano, na jigi tatu za manyoya. Maboya mawili yanayoteleza, vizuizi vyake, na koleo dogo. Fedha itakayobaki iende kwenye glavu zilizokatwa ncha za vidole, kwa kuwa mkono uliokufa ganzi hauwezi kufunga fundo nililolieleza.

Leseni ihesabiwe mbali na bajeti hiyo, na kila mmoja asome kijitabu cha jimbo lake kuhusu idadi na urefu, maana hubadilika kutoka bwawa hadi bwawa. Kwa wa Kentucky, leseni ya mwaka huanza Machi 1 na kwisha siku ya mwisho ya Februari, siyo Desemba. Anayetaka kujaribu mara moja tu mwezi huu achukue leseni ya siku moja, kisha anunue ya mwaka mzima Machi, wakati krapi wanaanza kupanda kuelekea maji mafupi.